Kinda la Shore Katika Nchi ya Usafini

Njia ya kwenda Usafini sitaisimulia, kwa sababu haina la ajabu. Ajabu yote ipo ukishafika. Niseme tu kwamba nilikwenda kwa miguu yangu na kurudi kwa miguu yangu, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe. Nimekwisha kuwasimulia watu watatu, na wote watatu wameniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa.

Jina langu ni Kidawa binti Ngwali, mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuwapokea watoto wanapoingia duniani, na mikono hii imewashika maelfu kabla mama zao hawajawashika. Silitaji hili kwa kujisifu. Nataka msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekwenda nchi ile, na kwa nini ya kule yalinishtua kuliko ambavyo yangemshtua, tuseme, karani wa forodha.

Siku ya kwanza, alasiri, nilikuwa natembea mtaa wa soko pamoja na mwenyeji wangu, Bi Mosi binti Pandu. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mcheshi, mwenye nyumba ya ua mkubwa, na alinipokea kwa bashasha ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mbele yetu mchukuzi mmoja aliteleza kwenye maji ya samaki, akaanguka chini pamoja na gunia lake la viazi. Kwa mazoea nikaruka kwenda kumshika. Bi Mosi akaidaka kanga yangu kwa nyuma, karibu anivue.

"Bi Kidawa! Unataka kumuua mtoto wa watu?"

Nikadhani nimesikia vibaya. Lakini watu wote walikuwa wamerudi nyuma hatua mbili, bila haraka, kama wanaopisha jeneza. Akaja afisa aliyevaa aproni nyeupe, mkononi ana kopo la chokaa lililotobolewa kwa misumari chini, akamzungushia yule mchukuzi duara jeupe barabarani. Kisha akasimama kando, akakunja mikono. Wapita njia wakalizunguka duara. Muuza nyanya akaendelea kuita wateja. Yule mtu alikuwa anaugulia goti lake, na hakuna aliyemwambia hata pole.

Baada ya muda kama wa saa nzima akajikokota, akashikilia gunia lake, akasimama. Mtaa mzima ukapiga makofi. "Kajiinua mwenyewe! Kajiinua mwenyewe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Damu ilikuwa inamshuka hadi kwenye kidole gumba cha mguu, nayo hakuna aliyeitazama.

"Na asingeweza kujiinua?" nikamwuliza Bi Mosi.

"Basi angekuwa bado yumo duarani," akanijibu, kana kwamba nimemwuliza baada ya Jumatatu huja siku gani.

Tulipofika nyumbani alinieleza kwa subira, jinsi mtu anavyomweleza mgeni mahali choo kilipo. Zamani sana wazee wa Usafini waligundua kwamba kinda la ndege likiguswa na binadamu hupata harufu ya mkono, na mama yake akiinusa harufu hiyo humkataa, naye hufa. Kwa hiyo ampendaye kinda hamgusi. Hekima hii iliwapendeza mno, wakaona ni ubahili kuwaachia ndege peke yao. Wakaipeleka kwa mbuzi, kisha kwa watoto wa watu, kisha kwa wagonjwa na walevi, kisha kwa wafanyabiashara waliofilisika na wanawake walioachika. Yeyote aliyeanguka kwa namna yoyote, mkono utakaomwinua utamwachia harufu, na walio wake watamkataa. Kifungu cha kwanza cha Katiba yao kina maneno mawili tu: *Kilichoanguka kisiguswe*. Vifungu mia mbili na kumi na tatu vilivyobaki vinaeleza maana ya kugusa.

Nikauliza nani alithibitisha jambo hili. Bi Mosi akasema ushahidi umejaa tele. Makinda yote yaliyowahi kuanguka Usafini hayakuguswa, na yote yamekufa. "Sasa fikiria yangeguswa yangekuwaje," akasema.

Nikamwuliza habari za uzazi, maana hapo ndipo penye ujuzi wangu. Akaniambia mtoto wa kwao haanguki, anashuka. Lakini lazima kwanza msomaji wa serikali aje asome hati mlangoni kwamba anayekuja anashuka kwa hiari yake. Hati ikishasomwa, mkunga anaruhusiwa kufungua viganja. Wakati mwingine msomaji huchelewa. Sikuuliza inakuwaje akichelewa. Nimekaa kwenye vyumba vya uzazi maisha yangu yote, na najua mtoto anaweza kungoja kwa muda gani.

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Nilijaribu. Nililifumba hadi asubuhi ya pili.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafagia ua, kwa sababu sipendi kukaa bure kwa watu, ndipo nilipomwona chini ya mkomamanga. Kinda la shore. Alikuwa uchi, ngozi yake rangi ya ulimi, macho hayajafunguka, na kwenye mabawa kulikuwa na vijiti tu vya manyoya yatakayokuja. Alipohisi kivuli changu alifungua kinywa, na kinywa kile kilikuwa kikubwa kuliko kichwa kizima. Kiota kilikuwa kwenye panda la mkomamanga, usawa wa kidevu changu. Mtu asingehitaji hata kusimama kwa ncha za vidole.

Nikainama. Nyuma yangu ungo wa mchele ukaanguka kwa kishindo.

"Usimguse! Kwa Mungu wako, Bi Kidawa, usimguse! Mama yake yupo!"

Kweli alikuwapo. Alikuwa juu ya ukuta, kiwavi mdomoni, anarukaruka huku na huku na kulia. Na Bi Mosi naye alikuwa analia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wanaonisikiliza huwa wanawatukana watu wa Usafini kabla sijamaliza. Bi Mosi alimpenda ndege yule. Kila asubuhi alimwekea vipande vya papai juu ya ukuta. Alisimama pale, mchele umetapakaa miguuni, anatetemeka kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyokuwa inamzuia. Sijapata kuona kitu cha kutisha kuliko hicho.

Bi Mosi akampelekea habari afisa wa mtaa. Alikuja kijana mmoja nadhifu aitwaye Jecha, na kopo lake. Akachora duara, akachomeka kibendera, akatoa fomu.

"Kimeanguka, kimeshuka, au kimetua?"

"Kimeanguka, mwanangu," Bi Mosi akasema.

"Hilo si lako kusema, mama. Ni la Kamati." Akaandika: *Kitu. Hali: chini.* Kisha akatuambia Kamati ya Chanzo cha Anguko ingefika saa sita. Wakati huo ilikuwa saa mbili na nusu.

Tukakaa barazani kungoja. Nadhani Bi Mosi aliona uso wangu, akataka kunifariji, maana aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha hariri. Ilikuwa nishani, kiganja cheupe cha kauri ndani ya pete ya shaba. Nishani ya Mkono Mweupe, akasema. Katika mji ule wenye nayo hawafiki kumi.

"Mimi pia nilijaribiwa," akasema. "Mwanangu Hamdu. Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa napeta mchele, yeye akapanda ngazi ya ghala. Akaanguka pale." Akanionyesha mlango wa ghala. Kutoka barazani palikuwa hatua sita, nilizihesabu baadaye. "Paja lilipita kwenye msumari wa ngazi, likachanika. Nilikaa ukingoni mwa duara tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikumgusa. Alikuwa ananinyooshea mikono, Bi Kidawa. Nikamwambia mama yupo, baba, mama yupo, mama hakugusi kwa sababu anakupenda. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama wakatoka, hawakuweza kuvumilia. Mimi nilivumilia."

"Kisha?"

"Kisha akanyamaza."

Aliitazama nishani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Hakuwa analia tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipa gharama kubwa na kupata alichokinunua. Jeraha la paja namna ile nimeliziba mara nyingi, kwa wanawake na kwa watoto. Ni kitambaa na kiganja, basi. Ukandamize, ungoje, umwite mtu. Kitambaa na kiganja, na Hamdu leo angekuwa mtu mwenye ndevu, anamgombeza mama yake kwa kupanda viti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa nimekaa na mzazi aliyeuficha uchungu wake ndani ya kauri.

Nilipaswa kunyamaza. Ulimi haukunisikia. "Kwetu," nikasema, "watoto wakiokota kinda huwa tunamrudisha kiotoni. Mimi mwenyewe nimewarudisha, kwa mikono hii. Mama zao walirudi."

Bi Mosi aliacha kufuta. Hakunitazama. "Usilirudie neno hilo ndani ya nyumba yangu," akasema taratibu. "Nakuomba kama dada yangu. Usilirudie."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho mkononi. Kama kinda yule angerudishwa na mama yake akamkubali, basi Hamdu alikufa bure, na aliyemwacha afe alikuwa amekaa hapa karibu nami. Nami nilikuwa hatua chache kutoka kwa kinda. Nasema kwa aibu kwamba sikuinuka. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumwacha kiumbe chini, na siku ile nilikaa, nikaangalia kivuli cha mkomamanga kinavyosogea.

Kamati ilifika saa sita na robo. Walikuwa wajumbe sita na Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Machano, mzee mnene mwenye sauti laini. Nyuma yao majirani wakajaa ua hadi langoni. Viti vikapangwa kuzunguka duara, na kinda katikati, kinywa wazi.

Mjumbe wa kwanza akasema ni dhahiri kitu hiki kimeanguka. Wa pili akapinga. Akasema hakuna shahidi aliyeona mwendo, na kiumbe mwenye mabawa anapaswa kudhaniwa ameshuka hadi ithibitishwe vinginevyo. Akashauri waandike barua ya pongezi, kwa kuwa kinda ameanza masomo ya kuruka.

"Hana manyoya!" nikasema. Nilishindwa kujizuia.

"Mgeni, hata mwanafunzi huanza shule bila cheti," akanijibu, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Wakabishana kwa muda wa kuchemsha maharage. Kivuli kilikuwa kimekwisha kuondoka juu ya duara na jua lilikuwa la utosi. Nikaomba nifungue mwavuli wangu, bila kugusa kitu. Mjumbe wa sheria akafungua kitabu. Kifungu cha themanini na nane: *Kivuli ni mkono mrefu*. Mwavuli ukakataliwa. Mjumbe mwingine, aliyeonekana kuwa na moyo mwema kuliko wenziwe, akapendekeza kwamba mama mwenyewe aitwe ashuke amchukue mwanawe. Karani wao akasimama chini ya mkomamanga, akausoma mwito mara tatu, kwa sauti. Yule shore akaruka kutoka ukutani hadi mtini, akalia, akarudi ukutani. Karani akaandika: *Mwitwa alifika, akakataa kutoa maelezo.*

Nilikuwa nawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta mtu anayecheka. Hakukuwa na hata mmoja.

Kisha wakaja sisimizi. Walitokea chini ya ukuta, mstari mwembamba, wakafika kwenye chokaa, wakasita kidogo, wakavuka. Sisimizi hawajui kusoma. Mheshimiwa Machano akauliza kama kuna kifungu kinachohusu sisimizi, na mjumbe wa sheria akaanza kutafuta. Kinda alikuwa amefumba kinywa. Sisimizi wa kwanza alikwisha kumpanda kwenye bawa.

Bi Mosi alikuwa anapita na sinia la vikombe vya maji. Akasimama.

"Bi Kidawa," akasema, kwa sauti iliyosikika ua mzima. "Lile neno ulilolisema asubuhi. Uliliona kwa macho yako?"

Watu wote wakanigeukia. Alikuwa ameniomba nisilirudie, na sasa yeye ndiye analiomba. Ningeweza kusema uongo. Ningesema ni hadithi za watoto wa kwetu, angeniamini, na angeendelea kuifuta nishani yake hadi siku ya kuzikwa.

"Kwa macho yangu, Bi Mosi."

"Mama akarudi?"

"Akarudi. Kila mara."

Akaliweka sinia chini. Akavua ndara, akaziweka pamoja kama anayeingia msikitini, akavuka chokaa. Mwanamke mmoja akapiga ukemi, akamfunika mwanawe macho. Kopo la Jecha likaanguka, chokaa ikamwagika. Bi Mosi alichuchumaa. Mwanzo hakujua amshikeje. Alimshika kwa ncha za vidole, kinda akamponyoka. Ndipo akakunja viganja vyote viwili, akamchota. Akawapuliza sisimizi, mmoja mmoja. Akasimama, akanyoosha mikono usawa wa kidevu, akamweka kiotoni.

Akarudi kusimama kando yangu. Mikono aliinyoosha mbele yake, kama iliyopakwa hina ambayo haijakauka.

"Sasa tungoje," akasema.

Nimengoja mambo mengi katika kazi yangu. Nimengoja mtoto alie na hakulia, nimengoja mama aamke na aliamka. Lakini siku ile nilikuwa naomba dua mbili kwa pumzi moja: ndege aje, na ndege asije. Hakuna aliyetoka uani. Hata Mheshimiwa Machano alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, anakitazama kiota.

Yule shore akalia mara mbili ukutani. Akaruka hadi kwenye tawi la nje. Akaingia ndani kidogo. Akainamisha kichwa kwenye kiota, na tukakiona kinywa cha kinda kikitokeza, chekundu, kinatetemeka. Akamlisha kiwavi. Akaruka akaenda zake, akarudi na kingine, akamlisha tena.

Nilidhani watashangilia. Ndiyo, baada ya yote niliyoyaona, nilikuwa bado mjinga kiasi hicho. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikawatazama. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa anaviangalia viganja vyake. Bibi mmoja alikuwa ameegemea ukuta, anahesabu kitu kwa vidole, anafika cha tatu, anaanza upya. Jecha alikuwa anamtazama mkewe pale langoni, na mkewe hakumtazama. Hapo ndipo nilipopigwa na mshtuko mkubwa kuliko yote ya safari ile. Kumbe hakukuwa na nyumba hata moja katika mtaa ule isiyo na Hamdu wake. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemwacha chini kwa mapenzi.

Mheshimiwa Machano alinisogelea. Sauti yake ilikuwa laini kama kwanza. "Mama mkunga," akaninong'oneza, "nilikuwa na mdogo wangu, nami nilimwacha chini. Sheria hii sasa inatulinda sisi tuliowaacha. Unajua unatuambia nini? Hatuwezi kulibeba neno hilo." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kisha akamgeukia karani, akapaza sauti.

"Andika. Kitu kilijiinua chenyewe."

Kalamu ya karani ikakwama hewani.

"Andika!"

Karani akaandika. Mtu mmoja nyuma akapiga kofi moja. Akafuatia mwingine. "Kimejiinua chenyewe," mwanamke akasema, kwa sauti ya kujaribu, kama anayeonja chumvi. "Kimejiinua chenyewe!" Vigelegele vikapanda kutoka langoni, vikaja hadi barazani, na makofi yakawa mengi hata shore akaruka kutoka mtini. Walikuwa wanashangilia huku machozi yanawatiririka. Watu zaidi ya mia walimwona mwanamke amevuka chokaa na kumchota kinda kwa mikono miwili, na watu zaidi ya mia walikuwa wanaapa kwa vigelegele kwamba hawakumwona.

Wajumbe wakatia saini. Ikabaki saini ya mwenye nyumba, maana bila hiyo taarifa haikamiliki. Mheshimiwa Machano akampelekea Bi Mosi karatasi mwenyewe, kwa mikono yake, kwa heshima kubwa.

"Tia saini, mwanangu," akamwambia. "Uendelee kuwa mama yake Hamdu. Nishani ni yako. Tia saini tuende nyumbani."

Bi Mosi alichukua kalamu. Nilimwona anaisoma ile karatasi tangu juu hadi chini, polepole. Nilichokuwa nacho cha kumwambia nilikwisha kumwambia, na sikujua kama nilimtendea wema au nilimuua. Kama angetia saini nisingemlaumu, nami nathubutu kusema msomaji naye asingemlaumu.

Akamrudishia karani kalamu.

"Andika wewe," akasema. "Andika hivi. Mimi Mosi binti Pandu nilimshika kwa mikono yangu. Mama yake akamjia. Na Hamdu wangu alikuwa karibu nami kuliko huyu."

Karani hakuandika. Mheshimiwa Machano aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka. Wajumbe wakamfuata, kisha majirani, mmoja mmoja, kila mtu akitazama kisogo cha aliye mbele yake. Taarifa niliikuta imebandikwa sokoni siku niliyoondoka. Ilisema kitu kilijiinua chenyewe, na kwamba mwenye nyumba hakuwepo.

Ua ulipobaki na watu wachache langoni, Bi Mosi alielekea kwenye mlango wa ghala. Hakufika. Akaenda chini, kwanza magoti, kisha mikono, kisha uso. Hakuzimia. Alikuwa anatoa sauti ambayo nimeisikia kwa wazazi tu, kwenye uchungu wa mwisho. Wale wa langoni wakarudi nyuma hatua mbili.

Nilikwenda. Nilikaa chini, nikapitisha mikono yangu chini ya makwapa yake kama ninavyowainua wazazi kitandani, nikamvuta hadi kifuani kwangu. Alikuwa mkavu kama gogo. Kwao mtu akianguka hujikokota mwenyewe tangu akiwa mtoto anayejifunza kutembea. Mwili wake haukujua mikono ya mtu mwingine inataka nini. Nikamshika tu. Baada ya muda kichwa chake kikanilalia begani, na uzito wake wote ukaja juu yangu.

"Kumbe ndivyo kunavyokuwa," akasema.

"Nini, dada yangu?"

"Kuinuliwa." Akavuta pumzi. "Sikujua. Wallahi, Bi Kidawa, mimi sikujua."